Mshale Kwenye Bendera

Siku tuliyomzika Ngoto Nashipae, kijana mmoja kati ya waliokuwa wakifukia kaburi alivua bangili yake ya shanga, ile ya rangi za bendera ambayo siku hizi kila mtu anayo, akaiweka juu ya jiwe isichafuke. Mbuzi akapita akaikanyaga. Kijana akaiokota huku akicheka, akaipangusa kwenye suruali, akaivaa tena. Alikuwa mjukuu wa marehemu. Nilitaka kumwambia neno, lakini ningeanzia wapi? Ningemwambia kwamba bibi yake aliwahi kushinda kwenye benchi la D.O., yule ofisa wa tarafa, kule Kajiado, mimi nikiwa kando yake, tukingoja kufungwa kwa sababu ya kitambaa cha rangi hizo hizo? Angedhani nasimulia hadithi za zimwi. Vijana wetu wanajifunga bendera mabegani wakienda uwanjani, wanaichora mashavuni, wanaipeperusha wakiwapigia wakubwa kelele, wala hawaangalii nyuma kama wanafuatwa. Mimi nafurahi, nasema kweli nafurahi, ingawa magoti yangu bado hukaza yenyewe nikiiona ikishushwa. Mazoea yana taabu.

Mwaka ninaousema ni 1992, mwaka wa vyama vingi. Habari za kwetu Machakos na sababu zilizonitoa huko tuziache, hazina ladha. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimekodi chumba Kitengela katika ploti ya Ngoto Nashipae. Kwa Kimaa jina hilo ni mama wa Nashipae tu, lakini mimi nilimwita Yeyo, yaani mama, kwa sababu wiki ya kwanza aliniambia nikiendelea kumwita "madam" atanifukuza. Kitengela ya wakati ule ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, upepo, na nyumbu waliotoka mbugani wakaja kula majani nyuma ya vyoo vyetu. Chumba cha Yeyo kilikuwa cha kwanza upande wa barabara, na ndicho tulichoshonea. Kulikuwa na cherehani yangu karibu na dirisha, kitanda chake kando ya ukuta, kibuyu cha maziwa kimening'inia kwenye msumari, na mikebe ya shanga ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuisogeza. Yeye alitunga shanga na kukata vitambaa, mimi nikashona. Tulivalisha shule, kwaya na kikundi cha akina mama cha kanisa. Mchana nilipika muthokoi, naye akaleta maziwa lala, na kila mlo alinitania kwamba Wakamba tunatwanga mahindi mpaka yanasahau kama yalikuwa chakula. Kisha alimaliza sahani yake na kutazama yangu.

Kuta zetu zilikuwa mabati, na mabati hayatunzi siri. Mwaka ule nilisikia mengi kupitia kwayo. Watu walikuja kumsalimu Yeyo, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," na baada ya chai ya kwanza maneno yakageukia uchaguzi. Watu wa kuja watampigia nani kura? Watu wa kuja wamejaa namna hii tangu lini? Mtu wa kuja nilikuwa mimi, na Mzee Kilonzo wa chumba cha nne, na karibu wapangaji wote. Sehemu nyingine za nchi nyumba zilikuwa zimeanza kuchomwa, na tulizisikia habari hizo redioni tukipunguza sauti, kana kwamba redio ndiyo ingetuletea moto. Msemaji mkubwa alikuwa Lekishon, shemeji yake Yeyo, ndugu mdogo wa marehemu mumewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa, na mtu mwenye hofu akipewa mwaka wa uchaguzi hujiona mwenye hekima. Alitaka ploti ibaki na watu wa nyumbani. Yeyo alimsikiliza, akamwongezea chai, na hakusema ndiyo wala la. Mimi nilikaa chumbani kwangu, upande wa pili wa bati, nikishona vifungo kwa mkono ili nisikie vizuri, maana Kimaa nilikuwa nimeshakielewa.

Mwezi wa Oktoba mwalimu mkuu wa shule mpya ya sekondari alikuja mbio akitokwa na jasho. Waziri angekuja kufungua shule Alhamisi ile ile, na mlingoti ulikuwa tayari, lakini bendera haikuwepo. Aliagiza Nairobi akaambiwa asubiri. "Mama, nyinyi mnashona kila kitu," alimwambia Yeyo. "Hata bendera ni kitambaa tu." Hakuna kati yetu watatu aliyejua kwamba bendera haishonwi bila kibali. Yeyo alikubali kabla mimi sijameza mate, na ninakumbuka jinsi nilivyojivuna. Kijani tulikuwa nacho, mabaki ya sketi za shule ya msingi. Nyekundu ilitoka kwenye majoho ya kwaya. Nyeusi na nyeupe tulinunua.

Tatizo lilikuwa mfano wa kufuatisha. Leo mtoto angekuonyesha bendera kwenye simu. Wakati ule bendera niliyoifahamu ilikuwa moja tu, ya ofisi ya chifu, na hiyo hatukuthubutu kuomba kuishika. Saa kumi na mbili jioni filimbi ya askari ilipolia, Kitengela nzima ilisimama ilivyo. Aliyekuwa akivuka barabara alisimama katikati, mama aliyekuwa akimimina uji alishika kikombe hewani, mlevi naye aliegemea nguzo akijitahidi asiyumbe. Anayetembea alichapwa, na wakati mwingine alilala ndani. Basi mimi na Yeyo tulikwenda kusimama karibu na lango la chifu ili tuiangalie ikishuka. Jua lilikuwa limeifanya nyeusi kuwa rangi ya kahawia, upepo umeitafuna pembeni, na pale katikati palipokuwa na ngao palikuwa na kiraka na doa. Askari akaikunja upesi akaingia nayo ndani. Tukatazama sarafu. Sarafu ina ngao, lakini ngao ile ina jogoo, alama ya chama kilichotawala, na mwaka ule kushona jogoo kwenye kitu cha umma kungekuwa kujiandikisha chama. Tukaiweka sarafu chini.

Ndipo tukamwita Mzee Kilonzo. Alikuwa amestaafu reli, na alipenda kuombwa jambo lolote. Alikunywa uji wetu wote kwanza. Kisha akasema bendera anaijua vizuri, aliiona kwa macho yake akiwa kijana, kwenye mkutano wa chama cha kwanza cha kudai uhuru, kabla ya hali ya hatari. Nyeusi juu, nyekundu, kijani chini. Katikati ngao, na nyuma ya ngao mkuki mmoja na mshale mmoja, vimepishana.

"Mshale, mzee? Si ni mikuki mbili?" niliuliza.

"Mshale!" alisema, akakasirika. "Wewe ni Mkamba gani hujui mshale? Nimekwambia niliiona."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe hakukuwa."

Hapo Yeyo alikataa. Nyeupe aliiona kwa chifu, na hata asingeiona angeiweka. Mimi nilikumbuka tulivyoimbishwa darasani, kwamba nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Yeyo alisikiliza na kusema walimu wanapenda kuzunguka. Nyeupe ni maziwa na kijani ni nyasi, na kwao mtu akishika nyasi mkononi ugomvi umekwisha, sasa tutaziacha vipi? Mzee Kilonzo akashindwa kwa nyeupe, akashikilia mshale wake. Nami nitasema wazi kwamba nilitaka awe sahihi. Nilikuwa nimesikia miezi mingi ya "watu wa kuja", na hapa palikuwa na mtu anayesema kwamba silaha ya kwetu ilikuwa kwenye bendera tangu mwanzo, kando ya mkuki wa hao wenye ardhi. Yeyo alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alichukua chaki akachora ngao, akachora mkuki upande mmoja, kisha akanipa chaki mimi.

"Ngao ni ya kwetu," alisema. "Weka hiyo mshale yenu. Ndio tukae pamoja."

Tulishona siku mbili. Yeyo alikata ngao kwa mkasi wake wa ngozi na hakuniruhusu niiguse mpaka ilipokuwa tayari kubandikwa. Aliguna kwamba ngao ile haina alama ya ukoo wowote, kwamba kwao ngao yenye rangi tu bila alama za mwenyewe ni ngao ya nani? Akafikiri kidogo akajibu mwenyewe kwamba labda ndiyo maana inafaa. Mshale niliushona kwa uzi maradufu, na manyoya yake nikayatia moja moja. Ilipokamilika tuliitandaza kitandani, na nilihisi raha ambayo sijaipata kwa nguo yoyote niliyoshona baadaye, na nimeshona magauni ya harusi mengi.

Alhamisi waziri alikuja. Bendera ilipandishwa ikiwa imekunjwa, askari akavuta kamba, ikafunguka, na upepo wa Kitengela ukafanya kazi yake. Ilikunjuka yote, mshale ukaonekana mpaka barabarani. Waziri alisimama wima akapiga saluti. D.C., mkuu wa wilaya, akapiga, D.O. akapiga, watoto wakaimba wimbo wa taifa mpaka ubeti wa mwisho. Yeyo alinibana mkono kwa furaha. Halafu nikaona D.O. bado anatazama juu, wenzake wameshakaa. Alikuwa mtu wa kutoka magharibi ya nchi, mrefu, mpya wilayani. Aliinamia sikio la chifu, na chifu naye akatazama juu. Soda yangu nilishindwa kuimaliza.

Chifu alitukuta ploti jioni, amekunja uso. Hakutaka chai. Alisema tumegeuza bendera ya serikali, kwamba kuna watu wanaozunguka na bendera zao mwaka huu na wanajulikana, na kwamba kesho asubuhi tufike kwa D.O. Kajiado, sote wawili. Bendera tayari alikuwa ameishusha na kuituma. Kabla hajaenda aliongeza, bila kututazama, kwamba kwa kitu kama hicho mtu anaweza kufungwa. Mzee Kilonzo, aliyekuwa mlangoni kwake, aliingia ndani akafunga mlango. Sikumlaumu.

Lekishon alifika jua likiwa linazama. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nikikusanya nguo bila kujua nazikusanya kwa ajili ya wapi, na sauti yake ilipita kwenye bati kama kawaida.

"Sema ukweli, yeyo wa Nashipae. Mshale si yetu. Sema ni huyo Mkamba aliweka. Atafungwa yeye, ama atoke aende kwao. Wewe uko na watoto."

Nilisimama na blauzi mkononi nikingoja jibu. Lori la saruji likapita barabarani, mabati yote yakatetemeka, na lilipokwisha kupita Yeyo alikuwa ameshasema alichosema, na Lekishon alikuwa akiondoka. Nilitamani kulifuata lile lori nilipige mawe. Nilikaa kitandani nikaogopa jela, lakini nilichoogopa zaidi, na hili naweza kulisema sasa yeye akiwa amepumzika, ni kwamba mwanamke niliyemwita mama angenikabidhi mbele ya mtu wa serikali, tena kwa haki, maana alikuwa na watoto na mimi nilikuwa mpangaji. Kila nilipomtetea moyoni nilimkasirikia tena.

Asubuhi tulitoka mapema. Alikuwa amevaa shuka yake nzuri na shanga za sherehe, na hilo lilinitisha, kwa sababu sikujua anavaa hivyo ili aheshimiwe au ili asihesabiwe pamoja nami. Kajiado tulikalishwa kwenye benchi nje ya ofisi. Watu walikuja na mambo ya mbuzi na mipaka, wakaingia, wakatoka, wakaenda zao. Mkoba wa Yeyo ulikuwa na kibuyu kidogo cha maziwa, akanipa ninywe kwanza. Nilikunywa, nikamrudishia. Nilitaka kumuuliza, "Ulimjibu nini?" lakini askari alikuwa karibu, na pengine sikutaka kusikia. Mchana ulipita. Tuliitwa baada ya makarani kurudi kutoka kula.

Bendera yetu ilikuwa imetandazwa mezani. Ndani ya ofisi ilionekana kubwa kuliko kitandani. D.O. hakututolea viti. Aliweka kidole juu ya mshale.

"Hii ni nini?"

"Mshale," Yeyo alisema.

"Naona ni mshale. Nani ameiweka?"

Nilifungua kinywa. Sijui ningesema nini, kwa sababu Yeyo alikuwa ameshajibu.

"Sisi."

"Sisi ni nani, mama?"

"Mimi na huyu. Mimi nilichora hapa, yeye akachora hapa. Ngao nimekata mimi, ameshona yeye. Mshale ni yetu wawili. Kama ni makosa, andika majina mbili."

Machozi yalinitoka hapo hapo, nikayafuta kwa kiganja, na nilichoonea aibu ni kamasi tu. D.O. alitutazama kwa zamu. Aliniuliza tulitoa wapi wazo hilo, nikamwambia kuna mzee aliyeiona hivyo zamani kwenye mkutano, na jina lake sikulitaja. D.O. aliutazama tena mshale. Kisha akainuka, akafunga mlango, na aliporudi alikaa kama mwalimu, na kweli alitwambia kwamba kabla ya kuingia serikalini alifundisha historia.

"Huyo mzee hakudanganya," alisema. "Ya kwanza kabisa ilikuwa nyeusi na nyekundu, na ngao na mshale. Kijani ilikuja baadaye, na mkuki. Hii nyeupe iliingia mwisho, wakati wa uhuru, ndio hata makabila madogo, wale walikuwa wanaogopa kumezwa, waone wako na mahali. Mshale ukatoka, ikawa mikuki miwili. Watu wanafikiri bendera ilishuka kutoka mbinguni. Ilishonwa, ikafumuliwa, ikashonwa."

Yeyo alitikisa kichwa taratibu. "Sasa sisi tumechanganya ya baba na ya mtoto."

"Mmechanganya. Na sheria haitaki." Alipangusa uso kwa kitambaa. "Lakini mnajua shida yangu? Jana waziri alisimama mbele ya hii kitu akapiga saluti. D.C. akapiga. Mimi nikapiga. Sasa nikiandika ripoti kwamba haikuwa bendera, nitaandika tulikuwa tunasalimia nini?"

"Andika mlikuwa mnasalimia majoho ya kwaya," alisema Yeyo. "Hiyo nyekundu ni ya kwaya."

Nilidhani tumekwisha. D.O. alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka askari akagonga mlango kuuliza kama kuna neno. Hakuna neno, alimjibu. Alikunja bendera mwenyewe, akatupa. Tutoe mshale, tuweke mkuki wa pili, Jumatatu iwe kwenye mlingoti wa shule. Na tusithubutu tena kushona bendera bila kibali, na akisikia tumemsimulia mtu kuhusu saluti, atatutafuta. Tukasema "Asante, bwana D.O." mara nyingi mno. Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakinunua vitunguu kama siku yoyote. Yeyo alisema, "Ashe, ashe oleng," akimshukuru Mungu wake kwa sauti, kisha akasema ana njaa ya mtu aliyetoka jela. Tuliingia hotelini tukala nyama ya kuchemsha na chapati na chai yenye majani mengi, bendera ya serikali ikiwa kwenye mkoba kati ya miguu yetu. Alikula, akatazama sahani yangu kama kawaida, nami nikacheka kwa nguvu mpaka watu wakageuka.

Tulifika Kitengela bado kukiwa na mwanga. Lekishon alikuwa amesimama kwenye lango la ploti, na nyuma yake wapangaji, na Mzee Kilonzo akichungulia kwa mlango uliofunguka kidogo. Lekishon aliuliza kwa Kiswahili, nadhani ili wapangaji nao wasikie.

"Wamesema nini?"

Yeyo hakupunguza mwendo. Alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, jinsi mtu anavyomshika mtoto wake sokoni.

"Wamesema mshale itoke," alimwambia. "Mtu hawakusema."

Lekishon alitutazama, akatazama mkono ulionishika. Akasogea kando, tukapita, nikaingia nyumbani.